Ngoma ya Wageni Ni Ipi?

Katika mabishano juu ya utamaduni wa taifa lipo neno moja ambalo limetumika muda mrefu kama rungu, nalo ni neno "kigeni". Mwenye kulishika hahitaji kutoa hoja. Akishatamka kwamba jambo fulani ni la kigeni hukunja mikono, akangoja shangwe. Tumelisikia likitumika dhidi ya suruali, dhidi ya nywele, dhidi ya shairi lisilo na vina. Na sasa, hata huku kwetu Nyambureti, mbali na kelele za miji mikubwa, twalisikia likitumika dhidi ya muziki ambao vijana huutengeneza kwa kompyuta na simu, wenye mapigo ya haraka yatokayo Angola yaitwayo kuduro. Tumeshika kalamu kwa sababu safari hii walioshika rungu ni wenzetu, watumishi wa umma na walimu, na wanaopigwa ni wanafunzi.

Kisa kilichotuchochea ni hiki. Katika shule moja ya sekondari ya wilaya zetu mbili za Tarime na Serengeti, ambayo hatuitaji kwa kuwa jambo lenyewe lingeweza kutokea shule yoyote, yalifanyika mahafali ya kidato cha nne. Mgeni rasmi alipowasili, kikundi cha ngoma cha wanafunzi kilimpokea langoni kwa njuga na vigelegele, kikamsindikiza hadi kwenye turubai, kikacheza dakika 10, kisha kikaambiwa imetosha. Baada ya hotuba na vyeti ikafika zamu ya burudani. Mmoja wa wahitimu, kijana wa miaka 18, alileta muziki alioutengeneza mwenyewe. Hakuimba. Alichomeka simu yake kwenye spika, na wenzake sita wakaingia uwanjani kucheza. Dakika mbili hazijatimia, muziki ukazimwa. Mtu mmoja mwenye mamlaka alisimama akaeleza kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliotuudhi zaidi, kwamba shule ni mahali pa kulinda utamaduni wetu, kwamba ngoma iliyochezwa asubuhi ndiyo yetu, na kwamba hizi ni kelele za kigeni zinazowapoteza vijana. Wazazi walipiga makofi. Wengi wao walikuwa wamefika pale kwa bodaboda zilizopiga muziki wa namna hiyo hiyo njia nzima.

Sisi tuliuomba muziki ule tukausikiliza wote, tena si mara moja. Ni wa dakika tatu hivi. Chini kabisa lipo pigo zito lisilobadilika, kama hatua za mtu aendaye kwa haraka asiyetaka kuchelewa. Juu yake yapo makofi makavu yanayoangukia mahali pasipotazamiwa, na hapo ndipo ilipo kuduro. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili asihangaike kutafuta vyombo. Awaambie wahesabu hadi nane, wakikanyaga chini kwenye moja, tatu, tano na saba. Kisha wapige kofi kwenye moja, nne na saba tu. Tatu, tatu, mbili. Mguu utakwenda kwake na mkono kwake, na mwili ulio katikati hautatulia kwenye kiti. Mgawanyo huo wa tatu, tatu, mbili haukuzaliwa Luanda peke yake. Husikika katika ngoma nyingi za Afrika, na katika muziki wa Kuba ambako ulifika pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Sisi tunaotunga mashairi ya mizani 16 twaijua raha ya kugawa mstari nane kwa nane. Kijana huyu ameigawa nane yake kwa namna nyingine, na ukimpima kwa kipimo chetu kikali cha washairi hutakuta pigo lililozidi wala lililopungua.

Lakini hilo silo lililotushangaza. Kila baada ya mizunguko michache husikika mshindo mkali wa kuparaza, kama mvua ya ghafla juu ya bati. Tulidhani ni sauti ya mashine. Kumbe ni njuga. Kijana alizirekodi kwa simu wakati wa mazoezi ya kikundi kile kile kilichompokea mgeni rasmi, akaikata sauti vipande vipande, akavipanga apendavyo. Yule aliyeuzima muziki huo kwa jina la ngoma ya asili aliizima ngoma ya asili ikiwa imo ndani yake, na masikio yake hayakuitambua.

Sasa tuulize, ugeni wa kuduro ni upi? Muziki huu ulichipuka Luanda, mji mkuu wa Angola, kuelekea na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ile ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1975 na kumalizika 2002. Mwanzilishi anayetajwa zaidi ni Tony Amado. Jina lenyewe, kwa Kireno cha mitaani, lina maana ya makalio magumu, na chanzo cha mchezo wake ni kichekesho: Tony Amado mwenyewe amepata kueleza kwamba aliiga mikogo ya Jean-Claude Van Damme akicheza amelewa katika filamu ya Kickboxer ya mwaka 1989. Wenye rungu watafurahi kusikia hivyo, wataona wamepata shahidi. Lakini na watazame vijana wa Luanda walikifanyia nini kichekesho hicho. Nchi yao ilikuwa imetegwa mabomu ya ardhini, na watu wengi walikatika miguu. Vijana wakaicheza kuduro kwa kuchechemea, kwa kujitupa chini na kuinuka, kwa kuukunja mguu kana kwamba haupo. Costuleta, mmoja wa waimbaji wa kuduro, alijulikana kwa kucheza jukwaani akiwa na mguu mmoja. Mchezo ulioanza kwa kumwiga mwigizaji wa sinema ukawa njia ya watu waliojeruhiwa kusimama mbele ya wenzao bila kuonewa huruma. Tukiambiwa huo ni uhuni, tutaomba tufafanuliwe maana ya adabu.

Tena Mwangola amekuwa mgeni wetu tangu lini? Huenda wanafunzi wa leo hawajaambiwa kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa 1963, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kwamba chama cha MPLA kilikuwa na ofisi katika mji huo. Na kwamba kilipofungua uwanja wake wa mapambano mashariki mwa Angola mwaka 1966, silaha zake zilipita katika bandari yetu, zikavuka Zambia, zikaingia vitani. Angola ilipata uhuru tarehe 11 Novemba 1975. Mzigo wa bunduki za Mwangola tuliubeba mgongoni bila kuuliza kama ni wa kigeni. Leo ngoma yake ikitufikia ndani ya simu ya mtoto, nyepesi kuliko unyoya, twasema ni nzito mno.

Kila ubishi wa namna hii ukizuka, Mwalimu Nyerere huitwa kutoa ushahidi. Watu hukumbusha kwamba tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasema wasomi waliozijua rumba, chacha na twisti ilhali hawakuijua gombesugu wala mangala wala lelemama. Ni kweli aliwasema, na walistahili, maana walikuwa wakiuonea haya mlio wa ngoma za mama zao. Lakini hotuba ile haikuishia hapo. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alionya kwamba kuufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa wa wengine, na taifa linalokataa kujifunza kwa wengine alilipa sifa kali kiasi kwamba sisi watumishi wa umma hatuthubutu kuirudia mbele ya wakubwa. Nusu ya kwanza ya hotuba imekaririwa kwa miaka zaidi ya 60. Nusu ya pili imeachwa ilale.

Ajabu ni kwamba matendo ya taifa yaliifuata nusu hiyo ya pili. Haikupita miaka miwili, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha NUTA kikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Nayo ilipiga nini? Rumba! Ile ile iliyotajwa Bungeni. Ilipiga kwa magitaa ya umeme, saksofoni na tarumbeta, vyombo ambavyo hakuna fundi wa kijiji chochote cha Tanganyika aliyevichonga. Maneno yakawa ya Kiswahili, mambo yaliyoimbwa yakawa ya hapa hapa, na wachezaji wakawa makuli, makarani na wauguzi. Zikafuata Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya vijana wa TANU, na bendi za majeshi. Leo nyimbo zao zikipigwa redioni twaziita zilipendwa, twafumba macho, twasema huo ndio ulikuwa utamaduni. Hakuna anayesimama kuuliza kama gitaa lilizaliwa Uzaramo. Na kabla ya hapo, je? Taarabu, kama isimuliwavyo, ililetwa Zanzibar kutoka Misri wakati wa Sayyid Barghash; Siti binti Saad akaiingiza Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kuwa mitambo ilikuwa huko. Nani leo atamwambia Mzanzibari kwamba taarabu ni ya kigeni, kisha arudi na viatu vyake?

Zamani pia ilipata kujaribiwa ile njia ya kuzima spika. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana hawakuacha kuusikiliza; waliacha tu kuwaambia wazee wao walikuwa wakisikiliza nini. Hiyo ndiyo faida pekee ya marufuku ile tuijuayo, na ni faida ambayo mzazi mwenye akili haitamani.

Twende sasa kwenye lile ambalo mtumishi wa umma hulisema kwa shida. Ngoma ya asili katika shule zetu imekuwa ngoma ya wageni kwa maana kamili ya neno. Huchezwa mgeni afikapo: mkuu wa wilaya, mkaguzi, mfadhili, Mwenge ukipita. Mgeni asipokuwapo, haichezwi. Wanafunzi huvishwa magunia yaliyochanwa pindo, vazi ambalo bibi zao wangelicheka hadi kukaa chini, kwa sababu tu mtu fulani mjini aliamua kwamba asili hufanana hivyo. Tumeketi mara kadhaa kwenye meza ya waamuzi wa mashindano ya ngoma. Tumeona alama zikimwagwa kwa mavazi na tabasamu, na wimbo ukipimwa kwa hesabu ya viongozi waliotajwa ndani yake. Litungu, chombo cha nyuzi nane ambacho kwa Wakurya na Wangoreme mpigaji wake alikuwa mweka kumbukumbu, mcheshi na msema kweli wa kijiji, huletwa kwa dakika tatu ili lionekane kwenye ratiba, kipaza sauti kikiwa upande wa pili wa uwanja. Mzee hupiga, midomo yake huonekana ikienda, na hakuna asikiaye neno. Kisha hupewa soda.

Mgeni akishaondoka njuga hurudishwa stoo. Basi kati ya ngoma hiyo, na ile ambayo kijana aliikesha usiku ili yeye na wenzake waicheze bila kuagizwa na mtu, ngoma ya wageni ni ipi?

Na wale wanaosema kwamba kila cha asili ni safi kwa kuwa ni cha asili, sisi wa Mara hatuwezi kuwapisha njiani. Mwezi wa Desemba, shule zikifungwa, baadhi ya koo za kwetu huingia katika msimu wa tohara, na wapo wasichana wanaokeketwa ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Katika njia za msimu huo huwa kuna nyimbo na ngoma. Ngoma hizo ni za asili kabisa, hazina pigo hata moja lililotoka Angola. Wapo wasichana ambao huusikia mlio wake kwa mbali na kujua kwamba wakati umewafikia. Hukimbia usiku, wengine bila viatu, hadi nyumba salama za Mugumu au Masanga. Kwao ngoma ya mababu ina maana ambayo msemaji aliye chini ya turubai hakupata kuifikiria alipokuwa akiisifu. Hatusemi ngoma zetu zitupwe. Tungekuwa tunajikata ulimi wenyewe, maana mashairi yetu yote yamelelewa nazo. Twasema ukongwe wa kitu si cheti cha wema wake. Ngoma na ipimwe kwa yale inayomtendea binadamu aliye karibu nayo. Kwa kipimo hicho, tungependa kuonyeshwa msichana mmoja aliyekatwa na kuduro.

Kutoka hapa inatubidi kusafiri hadi Dar es Salaam, kwa kuwa huko jambo hili hili limekwisha kutokea kwa ukubwa wake na lina funzo ambalo halijafika mikoani. Katika mitaa ya Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala, watoto wa maskini walikuwa na mchiriko, muziki wa ngoma na kinanda kidogo cha betri uliotokana na ngoma za Wazaramo. Kutoka kwenye mchiriko na sherehe za vigodoro ikazaliwa singeli, tangu katikati ya miaka ya 2000. Mapigo yake ni ya kasi kuliko kuduro: kuduro huenda mapigo 130 au 140 kwa dakika, singeli hupita 200, na nyingine hukaribia 300. Singeli na kuduro ni ndugu walioachana wakiwa wachanga. Kila moja ilizaliwa katika mitaa ambayo mabwana mipango wa miji hawakuichora. Kila moja ilitengenezwa kwa kompyuta chakavu na programu zilizonakiliwa kwa rafiki. Kila moja iliitwa uhuni kabla haijaitwa muziki.

Ni nani aliyekwenda Mburahati kuwasikiliza vijana hao? Nchi hii ina Baraza la Sanaa tangu 1984, ina chuo cha sanaa Bagamoyo tangu 1981, ina maofisa utamaduni katika wilaya. Lakini mkusanyiko wa singeli ulioifikisha katika masikio ya dunia, Sounds of Sisso, uliobeba kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Jina hilo Mswahili hulitamka akiinamisha uso, lakini tuelewe kwamba walilitoa katika Kiganda, ambako ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Mwalimu anayelisoma darasani ana ruhusa yetu kukohoa.) Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa kazi za Jay Mitta, Duke na Bamba Pana, na mwaka 2022 ikatoa Mr Mixondo, albamu ya kijana wa Dar es Salaam ajiitaye DJ Travella, aliyekuwa bado mdogo wa umri, ambaye aliivuruga singeli kwa makusudi na kuichanganya na midundo ya dunia nzima. Vijana hao wamepiga muziki wao mbele ya umati wa Ulaya. Siti alikwenda Bombay kwa sababu mwaka 1928 mitambo haikuwako Zanzibar. Mwaka 2017 mitambo ilikuwako Mburahati, ndani ya chumba cha kupanga, na kilichokosekana ni ofisa mmoja wa kupanda daladala hadi huko.

Hatuwalaumu watu wa Kampala. Walisikia wakaja. Twawauliza wenye ofisi za utamaduni, kitu ambacho mwenzako amekiona kina thamani akiwa ng'ambo ya Ziwa, wewe uliyekaa nacho mtaa mmoja ulikuwa ukitazama wapi? Na jibu tunalijua: walikuwa uwanjani, wakipanga vikundi vya kupokea wageni.

Hata hivyo vijana nao wasidhani tumekuja kuwapamba. Zipo nyimbo za singeli ambazo matusi yake hayana hata ufundi wa tusi. Mtukanaji hodari wa kijiji cha Kikurya angewaonea aibu. Wapo watayarishaji, au maprodyuza kama wajiitavyo, ambao hupakua mdundo wa kuduro uliopikwa tayari na mtu wa Luanda au Lisbon, wakaongeza jina lao kwa sauti nzito mwanzoni, wakaita kazi yao. Huko ni kubandika nembo ya Mugumu kwenye gunia la mwingine. Wapo pia wenye kipaji cha kweli ambao hutengeneza usiku, asubuhi hugawa kwa flashi na simu, na jioni hawajui mali yao iko wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA ipo kwa ajili ya kusajili kazi. Lakini kijana wa Nyambureti hawezi kujua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyepata kumwambia. Tena kubwa kuliko hayo, wengi wao hawajapata kulisikia litungu kwa saa nzima, kwa utulivu, kutoka kwa mtu alijuaye. Hilo tunawalaumu nusu. Nusu nyingine ya lawama tunaipeleka kwenye ratiba zile za dakika tatu.

Maana hapa ndipo kazi ilipo, na ni kazi ngumu inayostahili wanafunzi wa sekondari. Programu za kutengenezea muziki zimepangwa kwa sauti 12 za piano ya Ulaya. Litungu halikutegwa kwa piano. Mpigaji hukaza nyuzi zake nane kwa sikio lake na kwa sauti ya koo lake, na wapigaji wawili si lazima wakubaliane. Kijana akirekodi litungu akalitia ndani ya muziki wa kompyuta, atagundua mara moja kwamba vitu viwili vinagombana, na atalazimika kuamua. Je, amlazimishe mzee afuate mashine, au aijue mashine yake vizuri kiasi cha kuilegeza sauti moja moja hadi imfuate mzee? Akichagua njia ya pili, atakuwa amepima kwa masikio yake jambo ambalo hakuna kitabu cha kidato chochote kilichopata kumpimia. Atalazimika kurudi kwa mzee mara tatu, mara nne, kuuliza uzi huu kwa nini uko hapa. Mzee naye, ambaye wajukuu walikuwa wamekwisha kumwacha na ng'ombe, atapata mtu wa kumuuliza. Waliolishika litungu sawasawa wamezeeka, na kila mwaka wanapungua.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ni kulitia litungu najisi. Washairi tuliyapata hayo kabla ya wanamuziki. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapo waliosema ushairi wa Kiswahili umekwisha kuuawa. Sisi ni watu wa vina na mizani, na tutazikwa navyo. Lakini ushairi haukufa. Kilichotokea ni kwamba wenye vina walilazimika kueleza vina vyatumika kwa nini, jambo ambalo kwa vizazi vingi hawakuwa wamelazimika kulieleza, na baadhi yao walitunga vizuri zaidi kwa sababu ya kuudhiwa. Litungu nalo halitavunjika kwa kuwekwa karibu na kuduro. Limeshindwa kuvunjwa na vyombo vingi, litavunjwaje na simu?

Imebaki hoja moja ambayo husemwa mwishoni, baada ya nyingine zote kuchoka: kwamba shule hazina uwezo, hazina walimu wa muziki, hazina vifaa. Kuhusu walimu, hoja ina uzito. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na ni haki kudai kwamba sanaa isisahauliwe humo kwa kisingizio kwamba useremala unaonekana kwa macho na muziki hauonekani. Lakini mwalimu wa hesabu aweza kuhesabu hadi nane, mwalimu wa Kiswahili aweza kufundisha mizani, na mwalimu wa historia aweza kueleza silaha za MPLA zilipita wapi. Watatu hao wakikubaliana kipindi kimoja kwa juma, pamoja na mzee mmoja wa litungu atakayelipwa nauli na posho badala ya soda, somo limepatikana.

Ama vifaa, tumetembelea kwa shughuli za kikazi shule kadhaa za wilaya hizi. Katika baadhi yake kipo chumba chenye kompyuta chache, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa, hazitumiki ila msimu wa kuchapa mitihani. Tulipouliza kwa nini wanafunzi hawaingii mchana, tulijibiwa kwamba ufunguo uko kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule amekwenda kupokea mgeni.